Biblia ya mafunzo ya Union Version baada ya miaka mitatu: maelezo yake mazuri sana, ila kuna neno moja haijui kulisema

Habarini wapendwa. Watu wa jumuiya yetu wameniuliza sana kuhusu ile Biblia kubwa nyeusi ninayotembea nayo, kama inafaa kununua ama mtu atunze hela yake, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike tu hapa, kwanza nimekaa nayo miaka mitatu sasa, sio kwamba nimenunua jana leo nasifia. Jina la toleo silitaji wala duka, maana nina sifa na nina lawama pia na sitaki kumharibia mtu kazi yake, ila ukienda duka lolote la vitabu vya dini ukaulizia Biblia ya mafunzo, ile ambayo maandiko ni Union Version na chini ya kila ukurasa kuna maelezo, utazikuta za namna hii kadhaa, na haya ninayosema yatakusaidia kuchagua.

Nilinunua elfu sabini na tano hapa Moshi mjini. Kava ni la ngozi ya kutengeneza, lina zipu, zipu ilikufa kabla ya Pasaka ya kwanza nikampelekea fundi viatu pale stendi akaweka nyingine na ndo hiyo mpaka leo. Karatasi ni ile nyembamba ya Biblia, kwahiyo ukipiga mstari kwa kalamu ya wino unatokea upande wa pili, tumia penseli. Herufi za maandiko ni kubwa nzuri, za maelezo ni ndogo mno, mama yangu hata na miwani hasomi. Uzito nao sio mchezo, kama unatembea kwa miguu kwenda ibada ya nyumba kwa nyumba utausikia begani. Hayo ya mwili wake yanatosha.

Sasa kila ukurasa umepangwa hivi: juu ni Andiko, halafu kuna mstari mwembamba mweusi unakata ukurasa, halafu chini yake ndo maelezo ya waandishi. Huo mstari mweusi ndo kitu ninachotaka kuuongelea hasa, maana nimegundua wengi wetu hatuuoni. Tunasoma juu, tunashuka chini, tunapanda tena, na tukisimama mbele ya watu tunasema "Biblia inasema" wakati tulichosoma ni cha chini ya mstari, yaani ni mwalimu fulani ameandika, mtu mwenye akili na aliyesoma lakini mtu.

Nianze na sifa maana zipo za kweli. Kwenye maneno hii Biblia imenisaidia kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Union Version ilitoka kamili mwaka 1952, iliunganisha tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa, ni Kiswahili kitamu lakini watoto wa leo kimewapita. Mimi nafundisha shule ya Jumapili, siku moja tunasoma Luka 4:17, pale Yesu yuko sinagogi Nazareti, "akapewa chuo cha nabii Isaya, akakifungua chuo", mtoto wa darasa la sita akanyoosha mkono akauliza mwalimu, Yesu alikuwa mgeni rasmi? Kwa sababu kwake chuo kinafunguliwa na mgeni rasmi, kuna utepe na mkasi, ndivyo anavyoona kwenye taarifa ya habari. Na mtoto hakuwa anatania, alikuwa anafikiri vizuri kabisa kwa Kiswahili alichonacho. Kwenye maelezo chini iko wazi kwamba chuo hapo ni kitabu, cha kukunjwa kama mkeka, na kuna kamusi ndogo nyuma inaeleza maneno kama hayo. Vilevile Matendo ya Mitume 8, Filipo anamuuliza yule Mkushi kwenye gari, "yamekuelea haya unayosoma?", yaani umeyaelewa, darasa zima wakawaza kuelea majini. Yule Mkushi akajibu nitawezaje kuelewa mtu asiponiongoza, na huyo alikuwa mtu mkubwa, mtunza hazina wa malkia, msomi, anasoma kwa sauti barabarani, na hakuona aibu kusema hajaelewa.

Kingine kizuri ni 1 Wakorintho 13:12, "tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo". Miaka yote mimi nimefundisha kile kioo kuwa ni cha dirisha, nikawaambia watoto fikirieni dirisha lina vumbi, unaona mtu yuko nje ila humtambui. Kumbe neno la Kigiriki hapo ni kioo cha kujitazama. Kiswahili chetu kioo ni kioo, cha dirisha ni kioo na cha kuchania nywele ni kioo, sasa utajuaje? Maelezo yanasema vioo vya wakati ule vilikuwa shaba iliyosuguliwa mpaka ing'ae, na Korintho ndo ulikuwa mji unaosifika kwa shaba, kwahiyo Paulo alikuwa anawaambia kitu walichokuwa nacho majumbani. Nilichukua sufuria la zamani nikalisugua kwa jivu kitako chake nikawapitishia watoto wajitazame. Unaona kweli kuna uso, unaona una macho mawili, ila ni wewe ama ni dada yako huwezi kuapa. Na Paulo ndo anasema hivyo kuhusu yeye mwenyewe, "nafahamu kwa sehemu". Paulo jamani, ambaye nusu ya mabishano yetu tunagombania barua zake, na Petro naye kwenye waraka wake wa pili sura ya 3 anakiri kwamba ndani ya nyaraka za Paulo yamo mambo magumu kuelewa.

Sasa lawama. Hii Biblia ikijua inaeleza vizuri, ila ikifika mahali ambapo haijulikani haisemi haijulikani, inaendelea kwa sauti ileile kama vile kitu kiko wazi.

Mwaka jana tulikuwa na msiba hapa jirani, baba wa watu, mtu wa jumuiya yetu. Usiku wa kuamkia maziko mwinjilisti akaniomba nisome Ayubu 19 kuanzia mstari wa 25. Nikasoma, najua mteteaji wangu yu hai, nikafika wa 26, "na baada ya ngozi yangu kuharibiwa hivi, lakini, pasipokuwa na mwili wangu nitamwona Mungu". Baada ya sala, kijana wa marehemu aliyekuja kutoka Dar akasogea na simu yake, amefungua Biblia ya Kiingereza ile ya King James, akasema mama samahani, mbona kwangu huku inasema nikiwa ndani ya mwili wangu nitamwona Mungu, wewe umesoma bila mwili, sasa baba ni ipi? Aliuliza kwa heshima, ana machozi, sio mtu wa kutafuta ubishi. Pale kwenye turubai watu wakanyamaza.

Mimi nikafanya nini, nikashuka chini ya mstari mweusi. Maelezo yanasema moja kwa moja kwamba Ayubu hapa anafundisha roho kumwona Mungu baada ya kuachana na mwili. Nikayasoma kwa sauti, tena kwa sauti ya mtu anayefunga hoja. Mzee mmoja akasema haiwezekani, kwenye Imani ya Mitume tunakiri ufufuo wa mwili kila Jumapili, mwingine akajibu, ikawa ubishi, saa sita usiku, marehemu yuko ndani na mkewe anatusikia kupitia dirishani. Sijaisahau ile hali.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mchungaji ambaye amesoma Kiebrania, nikamwambia nisaidie. Akachukua karatasi akaandika neno moja, linasomeka mibbesari. Akazungushia duara herufi ya kwanza, mem, akasema ugomvi wenu wote wa usiku ule uko kwenye hii herufi. Yaani hiyo mem maana yake ni "kutoka". Kutoka mwilini mwangu nitamwona Mungu. Akanipa mfano wa Kiswahili ambao ndo ulinifungua: ukisema nilikuona kutoka dirishani, ulikuwa umesimama wapi? Hapohapo dirishani. Ukisema nimetoka nyumbani, uko wapi? Hauko tena nyumbani. Neno ni lilelile la kutoka, na Kiebrania ndivyo kilivyo hapo, inaweza kuwa kutoka ndani ya mwili wangu nikitazama, inaweza kuwa mbali na mwili wangu. Watafsiri wa King James wakachukua ya kwanza, wa Union Version wakachukua ya pili, wote ni waaminifu, wote walikuwa na herufi ileile moja mbele yao na walilazimika kuchagua maana huwezi kuchapa Biblia yenye nafasi tupu. Na mstari wote ule ni mgumu, akaniambia hata kwenye King James wale wadudu wanaotajwa kuuharibu mwili hawamo kwenye Kiebrania, watafsiri waliwaongeza ili sentensi isomeke, na matoleo mengi yanawachapa kwa herufi za kulala ili msomaji ajue.

Sasa niambieni, mwandishi wa maelezo angepungukiwa nini kama angeandika mstari mmoja tu, kwamba neno hili laweza kusomwa namna mbili? Nafasi ilikuwepo, ukurasa huohuo ana aya nzima kuhusu marafiki wa Ayubu, na hao marafiki kosa lao ndo hilohilo, walikuwa na jibu la kila kitu, halafu mwisho wa kitabu Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa.

Na kitu nilichokuja kukiona mwenyewe bila maelezo: hata juu ya mstari mweusi kuna mkono wa mtu. Angalia Yohana 1:1, "naye Neno alikuwako kwa Mungu". Kiswahili cha kawaida tungesema nalo neno lilikuwako. Lile "naye" ni uamuzi, mtafsiri alishaamua kwamba Neno hapa ni nafsi, ni mtu, sio kitu, na mimi kama Mkristo nakubaliana naye asilimia mia, lakini ni ufafanuzi umeshafanyika ndani ya silabi mbili na sisi tumesoma tangu ubatizo hatujawahi kushtuka. Au Yohana 3:8, upepo huvuma upendako na mwishoni aliyezaliwa kwa Roho, Kigiriki upepo na Roho hapo ni neno moja, pneuma, Kiswahili imebidi waligawe mara mbili. Hilo la pneuma maelezo wameliweka, nawapa haki yao.

Luka 23:43 ndo pamenikera zaidi kidogo. "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Mnajua mabishano ya ule mkato na ndugu zetu Wasabato, wao wanaweka mkato baada ya leo, yaani anaambiwa leo ila peponi ni baadaye, sisi kabla, yaani peponi ni leo hiihii. Mimi nasoma kama sisi Walutheri tunavyosoma, na sababu ninayo, Yesu anasema amin nakuambia mara nyingi kwenye Injili na hiyo ndo kauli yake, haongezi leo. Lakini maelezo ya hii Biblia yanasema tu wanaosoma vingine wanapotosha, basi. Hawamwambii msomaji kwamba nakala za kale za Kigiriki ziliandikwa kwa mkono bila mikato, maneno yameshikana, hata namba za mistari ya Agano Jipya tunazozitaja kama vile zilishuka na Andiko ziliwekwa na mchapaji wa Ufaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Kumwita mtu mpotoshaji kwa ajili ya mkato ambao Luka hakuuandika sio haki, hata kama nadhani amekosea.

Hili la mkato nilimsimulia jirani yangu, mzee wa Kiislamu, fundi cherehani, tunakunywa naye chai ya tangawizi pale kibarazani kwake. Akatabasamu akaingia ndani akatoka na Msahafu wake wenye tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotoka 1969, akaufungua Surat Aal Imran aya ya 7. Akanionyesha kwa kidole, aya inasema kwenye Kitabu ziko aya zilizo wazi na ziko zenye kufanana, zisizo wazi moja kwa moja, halafu inasema hakuna ajuaye tafsiri yake isipokuwa Mwenyezi Mungu, na hapo kuna alama ndogo ya kusimama. Akasoma kwa Kiarabu, akasimama, akavuta pumzi, akaendelea: na waliozama katika elimu wanasema tumeiamini. Halafu akarudia bila kusimama, ikawa hakuna ajuaye isipokuwa Mwenyezi Mungu na waliozama katika elimu. Akaniambia wanazuoni wakubwa wamesoma hivi na wamesoma hivi tangu zamani, wengi wanasimama, yeye anasimama. Pumzi moja tu na maana inabadilika, na aya yenyewe inaongelea jambo hilohilo la nani anajua! Nilirudi nyumbani nikafungua Kumbukumbu la Torati 29:29, mambo ya siri ni ya Bwana Mungu wetu, na yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu, nikakaa nayo muda mrefu jioni ile.

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya wasomi, sisi tunataka tu kuokoka. Hapana jamani, watu wanaumia. Mtaa wetu kuna dada ana mtoto wa kifafa, alikuwa anatumia dawa vizuri kliniki, kaja mhubiri mmoja wa kupita akamsomea Mathayo 17:15, yule baba anayesema mwanangu ana kifafa, huanguka motoni na majini, na Yesu akamkemea pepo. Akamwambia umeona, kifafa ni pepo, imeandikwa, ukimpa dawa unaonyesha huna imani. Dada akaacha dawa. Mwezi wa pili mtoto akaanguka jikoni kwenye mafiga, mkono wa kulia wote.

Nilipofungua Biblia yangu maelezo pale yote ni kuhusu imani ndogo ya wanafunzi, kuhusu neno kifafa hakuna hata herufi. Mchungaji ndo akaniambia Kigiriki cha pale ni kama kusema amepigwa na mwezi, ndivyo watu wa wakati ule walivyoiita hali ile, na watafsiri wakaona Kiswahili chake ni kifafa. Andiko linasema Yesu alimkemea pepo, siwezi kulifuta na sitaki kulifuta. Lakini hapa sasa hii Biblia ilinisaidia kwa njia nyingine, kwenye ile safu ya katikati ya marejeo, vile viherufi vidogo, pembeni ya 17:15 kuna rejeo la Mathayo 4:24. Nikaenda. Pale wanaoletwa kwa Yesu wametajwa mmoja mmoja, "wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza". Mathayo yuleyule, kitabu kilekile, amewataja mbalimbali! Nikaenda na Biblia hiyohiyo kwa yule dada, nikamwekea kidole chake juu ya mstari, asome mwenyewe, sikumfafanulia chochote. Alisoma mara tatu. Jumatatu tulipanda naye bodaboda kwenda kliniki, na mtoto yuko kwenye dawa mpaka leo.

Kwahiyo kama unanunua, nunua kwa ajili ya marejeo na ile kamusi ya nyuma, hapo hela yako haijapotea. Maelezo yasome kama unavyomsikiliza mjomba mwenye busara, sio kama sauti ya Mungu mlimani Sinai. Na ukipata nafasi weka pembeni Biblia Habari Njema, Kiswahili chake chepesi, na tanbihi zake ni fupi ila mahali pengine zinakiri wazi kwamba Kiebrania cha hapo si dhahiri, hilo peke yake limenifanya niiheshimu sana. Kwenye simu pia unaweza kulinganisha tafsiri bure, mimi natumia nikiwa naandaa somo, msibani siwezi. Kwa nyota ningeipa tatu na nusu, ningetoa tano kama wangeweza kusema "hatujui" hata mara kumi kwenye kitabu chote.

Kwa yule mama mfiwa nilirudi. Nilimpelekea ile karatasi ya mchungaji yenye herufi iliyozungushiwa duara, nikamwomba radhi kwa usiku ule, nikamweleza ya dirishani na ya nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisomee na mstari unaofuata, siku ile mlibishana hamkuufikia. Nikasoma wa 27, "na macho yangu yatamtazama, wala si mwingine". Akasema haya, hapo nimeelewa, akaingia jikoni kunitengenezea chai.

Pembeni ya Ayubu 19:26 nimeandika kwa penseli neno "kutoka". Anayekuja kuazima hii Biblia, tafadhali asilifute.